Kamba za Punta Arenas

Septemba, upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Hung'oa mabati, humfanya mbwa atembee upande upande,
na manispaa hufunga kamba kwenye nguzo za pembeni mwa barabara
ili watu wazima wavuke wakiwa wameshika kitu.
Hakuna anayeona haya.
Nimemwona hakimu ameikumbatia kamba,
na muuza nyama,
na padri, kofia imeshamtoka inaelekea baharini.

Mimi natunza maktaba ya shule. Chumba kimoja,
dirisha lenye ufa uliozibwa kwa gundi,
hita ya gesi inayokoroma kama mzee aliyeshiba.

Danitza huja Ijumaa. Haazimi, harudishi.
Hukaa karibu na hita, koti havui,
kitabu cha nyangumi wazi kwenye ukurasa uleule
hadi nizime taa.
Nikishazima, huinama kufunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.

Ijumaa ya tatu akauliza, macho kwa nyangumi:
"Mtu akiwa na rafiki,
na rafiki ana baba wa kambo,
na mlango wa chumba cha rafiki umeng'olewa bawaba,
huyo mtu afanye nini?"

Nikajua.
Nikajua pia nisiseme kwamba nimejua.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
wakanyamaza hapo.
Hawakusema nguo hiyo mtoto ataivulia wapi,
mbele ya nani,
baridi hii.

Miaka tisa iliyopita Yerko aliniuliza swali lenye umbo hilo.
Kengele ililia. Nikamwambia, njoo kesho.
Kesho yake ilikuwa Jumamosi.
Jumatatu wakasema familia imehama, kaskazini, hawajui wapi.
Kadi yake ingali ndani ya droo yangu:
anadaiwa kitabu kimoja.
Kila nikiifungua droo hiyo nasoma jina lake
na najua anayedaiwa ni nani.

Kengele ikalia. Sikuinuka.
"Mwambie rafiki yako," nikasema,
"nimemwamini kabla hajamaliza kusema.
Na mlango ule hakuung'oa yeye."

Kimya. Kisha:
"Utamwambia nani?"

Ingekuwa rahisi kuapa. Sikuapa.
Nikamwambia siri hii siwezi kuifungia kabatini na vitabu;
kuna mtu mmoja, Ximena, kazi yake ni hii,
na sitamwambia neno ambalo wewe hujalijua kwanza.
Akakasirika. Akakifunga kitabu kwa kishindo.
Hita ikakoroma.
Nikamenya chungwa, nikala pande moja, mengine nikayaacha mezani.
Baada ya muda mkono ukatoka ndani ya koti.

Ofisi iko mitaa mitatu kutoka shuleni,
juu ya duka la sufu.
Tulitoka jioni bado ina mwanga mweupe, wa kuumiza macho.
Yeye mbele, mimi nyuma;
njia ni yake, mimi nilikuwa wa kuzuia upepo tu,
na hata huo sikuuzuia.
Kwenye pembe ya benki aliishika kamba kwa mikono miwili,
akageuka, akapaza sauti. Sikusikia.
Akarudia. Upepo ukaichukua.
Mara ya tatu akasubiri lori lipite,
akasema polepole, kama anayemfundisha mgeni lugha:
"Si rafiki."

"Shika vizuri," nikamjibu. "Hapo mbele kuna ngazi."

Ximena alifungua kabla hatujagonga,
miguuni soksi tu, moja ya kijani, moja sijui rangi gani,
kikombe mkononi, akasema ngazi hizi zitamuua siku moja.
Hakuuliza kitu.
Danitza alisimama kizingitini.
Akautazama mlango, juu hadi chini,
akaigusa bawaba ya kwanza, akazihesabu, tatu,
akaingia,
akaufunga mwenyewe.